Kitabu cha Omari na gati la Chovai

Alhamisi, baada ya isha

Na mimi nani alinituma kwenda na kitabu kile arusini? Mwanangu Omari ameandika maisha ya mheshimiwa wetu, sifa tupu, nami ambaye kusoma kwangu kuliishia juzuu amma ya chuoni nikajifanya wakili wake.

Tulikuwa tunakuna nazi. Jirani yangu Asha akasema kitabu kimemliza. Shangazi yangu wa kisiwani Chovai akasema yeye kimemchekesha.

"Eti mheshimiwa katujengea gati! Mchu mzima mimi, mtu wa umri huu, juzi nimeteremshwa mashuani kwa kubebwa mgongoni!"

Wakaangua kicheko. Nami nikapaza sauti, "Gati lipo! Mwanangu hasemi uongo!" Mimi huyu, ambaye kila Idi nateremka Chovai buibui limerowa hadi kiunoni.

Sasa moyo hautulii. Omari ni mwalimu. Akishaitwa mwongo, nani atampa mwanawe amsomeshe?

Nimempigia simu nikamgombeza: habari ya gati kaitoa wapi?

"Kwako, mama. Ulinipigia ukapiga na vigelegele."

Kweli. Nilisikia ahadi ya mheshimiwa redioni, nikashangilia kabla ya jiwe la kwanza.

Kesho naenda kwa shangazi. Nitamwambia asimlaumu Omari wala mheshimiwa. Gati lile nimelijenga mimi.