Chini ya Vistari Vitatu

Kaka Simiyu,

Kabla hujaendelea, nakuomba kila neno lililo hapa libaki kwako. Usimwambie mtu, na zaidi ya wote usimwambie baba. Najua ni ajabu kuomba siri katika barua niliyoiweka hadharani, kwenye orodha ya baruapepe inayosomwa na watu wa nchi nyingi. Lakini anwani yako ya zamani inarudisha kila ninachotuma, simu yako haipatikani, na hapa ndipo mahali pekee uliposema hutapaacha. "Hata nikiacha kuandika," uliniambia, "kusoma sitaacha." Basi naandika chini ya vile vistari vitatu vinavyoigawa kila barua ya kutuma badiliko, yaani marekebisho. Ulinifundisha kwamba juu yake huwekwa maelezo ya badiliko, nayo huhifadhiwa katika historia ya mradi. Yaliyo chini yake husomwa tu na watu, kisha hayahifadhiwi humo. Wenzetu wataona lugha wasiyoijua na kupita.

Unakumbuka siku ya kwanza? Chuo kilikuwa kimefungwa, nami nilikuwa nyumbani Kabuchai, nimeketi barazani nikilinda mahindi yaliyoanikwa uani. Wewe ulikuwa umeinamia laptopu yako yenye kifuniko kilichofungwa kwa utepe wa gundi. Nikakuuliza unafanya nini.

"Nasafisha maelezo," ukasema.

Ukanieleza taratibu, kama ulivyokuwa ukiwaeleza wanafunzi wako. Ndani kabisa ya mfumo wa kompyuta kuna kiini, sehemu inayozungumza na vyuma vyenyewe. Watu wa kila mahali hukijenga pamoja. Kando yake kuna kurasa zinazoeleza kila kipande kinavyofanya kazi, na baadhi ya kurasa hizo ulizitunza wewe. Hukujenga kiini. Ulihakikisha tu kwamba kinachosemwa juu yake ni kweli. "Kiini kikibadilika na maelezo yasibadilike," ulisema, "anayeyasoma tumemdanganya."

Kisha ukanionyesha kichwa cha ukurasa na mstari wa alama za usawa (=) uliopigwa chini yake. Mstari ule ulikuwa mfupi kuliko kichwa, na kwa sababu hiyo mashine ilikuwa ikilalamika. Nikauongeza alama mbili. Malalamiko yakaisha.

"Basi?" nikauliza.

"Basi nini?"

"Yaani hiyo ndiyo kazi?"

"Hiyo ndiyo kazi, bana. Na kuku wanakula mahindi."

Nilicheka mpaka mama akatoka jikoni kuangalia kuna nini. Jioni ile niliomba unipe ukurasa mwingine.

Badiliko langu la kwanza lilikuwa jedwali lililopinda. Nilinyoosha kila safu kwa nafasi, kama tunavyonyoosha mistari ya mahindi kwa kamba wakati wa kupanda, nikalituma kwa programu yangu ya kawaida ya baruapepe. Programu ile ikavunja mistari na kumeza nafasi zote. Huko lilikofika lilikuwa takataka tupu, na mtu mmoja akanijibu kwa ufupi kwamba halifai. Nililia, kaka. Nilidhani nimeharibu kompyuta za dunia nzima.

"Ati unalia?" ulisema. "Si kila mtu hapa ameshakosea hivyo? Sasa wewe ni mwenzetu. Tuma tena, lakini jitumie mwenyewe kwanza uone."

Nikajitumia mwenyewe kwanza. Lilipokubaliwa, chini ya jina langu palikuwa na mstari uliouandika wewe: imepitiwa na Simiyu. Ilikuwa mara ya kwanza kuyaona majina yetu mawili pamoja mahali ambapo si kadi ya kliniki wala Biblia ya nyumbani.

Baadaye ukaacha kufundisha ili uifanye kazi hii peke yake. Sitaki kurudia mambo ya siku ile mezani, ila nakumbuka sauti ya baba ilivyokuwa ya chini.

"Watu wakiniuliza mwanangu anafanya nini, niseme nini?"

"Sema anaandika, baba."

"Anaandika nini?"

"Maelezo."

"Ya nini?"

Mtu hawezi kulieleza jambo hili mezani huku ugali unapoa. Baba akasema, "Basi nenda kwa hao wanaokuelewa." Asubuhi ulichukua mkoba, ukaniambia una rafiki Moi's Bridge atakayekupokea, na toka hapo sijui ulikoelekea. Nyumbani jina lako halitajwi. Mama akitaka kusema kitanda chako, husema "kile cha dirishani".

Mimi sasa ni karani wa masijala hapa Kitale. Baba anajivunia, kwa sababu ni kazi inayojulikana. Mimi naogopa tu. Naogopa kuweka faili mahali pasipo pake, naogopa mkubwa wangu akinyamaza, naogopa akinena. Kila namba naisoma mara tatu. Lakini Jumamosi nafunga mlango wa chumba changu, nafungua laptopu na kuzitunza kurasa zako. Napima mistari. Nasoma kilichobadilika kwenye kiini na kuuliza kama bado tunasema kweli. Hapo siogopi, na sijui ni kwa nini. Hakuna anayejua, wala ofisini wala nyumbani.

Sasa nieleze kilichonileta. Msimamizi wa nyaraka zote ameniandikia kwa upole. Anasema anwani yako imekufa, maswali yanayotumwa kwako hayajibiwi, na kurasa zinahitaji mtu anayepatikana. Ameniomba niandae badiliko la kuliondoa jina lako kwenye orodha ya watunzaji na kuliweka langu. Analitaka Ijumaa, kabla toleo jipya halijafungwa.

Nimelifungua faili hilo nikalifunga, nikalifungua tena. Ni mstari mmoja tu wa kufuta. Lakini nyumbani umeshafutwa, kaka. Nikikufuta na huku, utabaki wapi?

Nikatafuta wengine walioondoka hufanyiwaje, na nimepata kitu ambacho hukuwahi kuniambia. Hawatupwi. Jina huhamishwa kwenye faili jingine, la shukrani, pamoja na maneno machache ya alichofanya mtu huyo. Kwa hiyo nimekuandikia yako. Nimeandika kwamba ulitunza kurasa hizi miaka ambayo hakuna mwingine aliyezitaka, na kwamba ulimfundisha dada yako kupima mstari. Sentensi ya mwisho si ya kiufundi, na nilikaribia kuiondoa kwa hofu kwamba watanicheka. Nimeiacha.

Ningeishia hapo, lakini Jumapili nilienda nyumbani. Baba alinikuta nyuma ya jikoni nikiosha vikombe. Unajua huniita mama, kwa kuwa nina jina la mama yake.

"Mama," akasema, "yule bado anaandika vile vitu vyake?"

Nikasema sijui.

"Kuna mtu aliniuliza kanisani. Nikamwambia anaandika." Akaangalia huko chini kwenye miwa. "Nilisema vibaya?"

"Hapana, baba. Ndivyo ilivyo."

Akageuka kuondoka. "Usimwambie nimeuliza."

Nami nimekuambia. Ndiyo maana nakuomba siri.

Badiliko lenyewe liko juu ya vistari. Ijumaa litaingia kama lilivyo, nawe utakuwa kwenye faili la shukrani. Lakini ukisema bado upo, nitaliondoa kwa furaha na kuandika jingine, jina langu likiwa chini ya lako.

Ukitaka kunijibu, jibu hapa hapa kwenye orodha. Tuma maandishi matupu, bila rangi wala kiambatisho, la sivyo yatakataliwa. Kama maneno ni mazito, andika tu "imepitiwa na" kisha jina lako. Nitajua uko mzima. Kama hutaki kuonekana huku, njoo Kitale. Masijala yetu ina madirisha mengi, mimi nakaa la mwisho kabla ya ngazi, na saa ya chakula huwa kwenye benchi la nje. Na kama utaenda Kabuchai moja kwa moja, pitia mlango wa jikoni, useme umekuja kwa hiari yako.

Ila ukiandika, usiandike juu ya maneno yangu. Shuka hadi mwisho ujibu chini yake, kama ulivyonifundisha. Nimekuachia nafasi.

Mdogo wako,
Nekesa