Mtihani Nilioufanyia Nyumbani

Mpendwa kaka,

Shikamoo. Natumaini barua hii itakukuta mzima wa afya, wewe, wifi na watoto, na kwamba lile jino lako limeshang'olewa badala ya kulalamikiwa. Huku tunaendelea, ila mimi kutulia kumenishinda. Hata sasa naandika mistari michache, nanyanyuka kwenda dirishani, narudi. Utajiuliza kwa nini nakuandikia wakati simu tunapigiana kila wiki. Sababu utaiona.

Kwanza nikujibu lile ulilonishupalia. Uliniambia nikasome masta ya usalama wa mitandao, maana chuo kimeshanipa nafasi, na kwamba vyeti hivi vya mitihani mifupi ni mapambo ya ukutani. Nikakubishia, kama kawaida yangu. Nilikueleza kuwa mkuu wangu kazini, yule tunayemwita Kufuli kwa jinsi anavyofunga kila kitu hadi droo ya majani ya chai, amesema akiajiri mtu hatazami joho la mahafali. Anachotazama ni kama mtu huyo anaweza kumtoa mdukuzi kwenye mtandao wa kampuni kabla wateja hawajaanza kupiga simu. Wewe ukasema Kufuli anaogopa tu nisiondoke ofisini. Pengine kila mmoja wenu ana lake la kweli. Ukurasa wa chuo nimeufungua na kuufunga hadi nadhani kompyuta imenichoka.

Mwishowe nikajiandikisha mtihani wa cheti. Siku hizi unaufanyia nyumbani mbele ya kamera, na msimamizi yuko asikojulikana. Wewe humwoni, yeye anakuona mpaka tundu za pua. Aliniamuru nizungushe kamera chumba kizima, nioneshe chini ya meza, niteremshe saa ya ukutani, nikunje mikono ya blauzi. Nikashika kitambulisho karibu na uso hadi akaridhika kwamba mimi ni mimi. Sharti kubwa ni kwamba asiingie mtu; akiingia, mtihani unafutwa papo hapo.

Nilimwomba mama akae chumbani kwake, nikamwachia redio na nguo ya kushona, maana unamjua, alifunga duka lakini cherehani hakuiacha. Maswali yalikuwa yananinyookea, kaka, nikaanza hata kujiona mtu. Mara mlango ukafunguka. Mama akasimama pale, futi ya kupimia ikining'inia shingoni. Nikampungia mkono atoke, mdomo sikuthubutu kuufungua. Hakutoka. Akaniuliza kwa adabu, kama alivyokuwa akiwauliza wateja wapya, mimi ni binti wa nani na namsubiri nani humu ndani.

Kwenye kioo pakatokea ujumbe kwamba mtihani umefutwa. Sikuumaliza kuusoma. Nilimjibu mama kwamba mimi ni binti yake, akacheka, akasema binti yake bado mdogo na hajarudi kutoka shule.

Si mara ya kwanza, kaka. Chumvi naikuta kwenye kabati la nguo. Mimi ninayewagombeza watu kazini wasiandike nywila kwenye karatasi, ya simu ya mama nimeibandika kwenye mlango wa friji. Wewe hujagundua kwa sababu salamu anazimudu vizuri kuliko sisi sote. Atakuuliza hali, kazi, watoto, mpaka salio linaisha. Siku moja akili ikiwa imemkaa sawa aliniomba nisikwambie, asije akakuachisha kazi. Nikamkubalia. Na tukizungumza kwenye simu huwa yuko ubavuni mwangu, ndiyo maana nimeshika kalamu.

Sasa nikutolee lililonikwama kooni. Masta naitaka. Naitaka mno, tangu siku ile chuo kiliponijibu. Yote niliyokubishia kuhusu vyeti niliyasema kwa sababu chuo kiko mji mwingine, na vyeti vinasomeka hapa kwenye meza ya chakula, mama akiwa upande wa pili. Nilimsingizia Kufuli. Nilijidanganya vizuri hadi nikakaribia kuuamini uongo wangu.

Jana niliwaandikia chuo kwamba nakuja. Kwa hiyo sikuombi ushauri, kaka, nakuomba uje. Usije na zawadi za wikiendi ukaondoka. Uje ukae, au uje umchukue, tutalizungumza ukifika. Naogopa kumwacha, na naogopa kubaki hadi nianze kumchukia kwa kosa lisilo lake. Wewe bado anakutaja kila asubuhi. Njoo angali anakujua.

Nisalimie sana wifi, na watoto uwabusu. Mama naye anakusalimu. Amenituma mwenyewe leo, akaniomba, kama si usumbufu, nikipita huko kwako nikufikishie.

Ni mimi mdogo wako,
Mbishi