Ua wa Bafu la Mama

Ijumaa usiku, masika, 1972

Yule Bibi Zuhura, mwenye nyumba, hana haya hata chembe. Tangu ua wa bafu letu la uani uanguke, mama alikuwa anaoga alfajiri, gizani, wapangaji wenzetu wasimwone. Kila nikimwambia Bibi autengeneze, ananijibu, "Wanaooga ni nyie. Ua ni wenu."

Haya. Darasa la sita sikumaliza, lakini mikono ninayo. Nilikata miti ya mbono Buguruni, nikaichimbia, nikafunga makuti. Kariakoo nzima hakuna bafu lenye ua kama ule, na kila aliyepita nilimwambia.

Kumbe mbono ukiuchomeka ardhini haufi. Mvua zimenyesha, nguzo zangu zimechipua majani. Leo mchana Bibi kayaona.

"Shikamoo, Bibi."

"Marahaba ya nini! Nani kakwambia upande miti kwenye kiwanja changu? Mpangaji hapandi! Leo mti, kesho utasema kiwanja chako. Wenzangu wamenyang'anywa majumba na serikali, mimi hunipati!"

"Sasa Bibi, nikitaka kukunyang'anya nyumba nitaanzia bafuni?"

Wapangaji wakaangua kicheko. Hapo ndipo nilipoharibu. Kaita vijana wawili, wameng'oa kila kitu, hata makuti wamebeba.

Jioni mama karudi kutoka sokoni Feri anakokaanga samaki, ananuka moshi, anataka kuoga. Hakunigombeza. Afadhali angenigombeza. Nimesimama nimempa mgongo, nimetandaza kanga kwa mikono miwili mpaka akamaliza.

Kanga moja inaziba upande mmoja tu. Wale waliocheka mchana walikuwa wamekaa uani palepale. Hakuna aliyeinuka kushika ya pili.