Ringi za Pistoni ya Nne

Isebania,
Jumapili asubuhi.

Kwa Baba mpendwa,

Nakusalimu wewe, Mama na wote wa nyumbani hapo Mbita. Mimi ni mzima na masomo yanaendelea vizuri, isipokuwa Kemia. Je, kile kikohozi chako cha asubuhi kimepungua? Mama aliniambia kwenye simu kwamba tangu gari liletwe huku gereji ya Mjomba unasukuma barafu kwa mkokoteni kutoka ufuoni hadi sokoni. Sikufurahi kusikia hivyo, maana naujua ule mlima.

Najua Mjomba Chacha alikupigia jana kukuambia kwamba injini imewaka. Mama alinisimulia jibu lako, kwamba hata yule fundi wa kwanza aliiwasha. Ni kweli, Baba. Aliiwasha, moshi ukapotea wiki mbili, kisha ukarudi mwingi kuliko mwanzo. Sasa yule mfanyabiashara wa vipuri anakuja kesho kuchukua jibu lako, na ukikubali kumuuzia, gari litakatwa vipande. Ndiyo maana naandika. Anti Robi, mke wa Mjomba, anasafiri kuja kwenu baada ya kanisa na atakupa barua hii mkononi. Naomba usimjibu yule bwana kabla hujajua tulichofanya, pamoja na jambo ambalo Mjomba hakukuambia kwa sababu alitaka nikuambie mwenyewe.

Kwanza nikueleze ugonjwa wenyewe. Tulipomwaga mafuta ya injini, yalitoka polepole kama uji wa mtama. Marwa, fundi anayefanya kazi na Mjomba, aliyachovya kwa kidole akacheka. "Huyu alimfunga mgonjwa bandeji juu ya nguo," alisema. Yule fundi wa kwanza alikuwekea mafuta mazito sana ili yasipande kwa haraka na kuungua. Moshi ulifichwa tu.

Tulipotoa pistoni tuliona sababu. Kila pistoni huvaa ringi tatu za chuma zinazobana ukuta wa silinda. Mbili za juu huzuia nguvu ya moto isivuje, na ya chini hukwangua mafuta yarudi yalikotoka. Ringi hukatwa mahali pamoja ili iweze kutanuka. Mjomba aliiingiza ringi ya zamani ndani ya silinda, akaisukuma kwa kichwa cha pistoni ili ikae sawasawa, akaniambia nitazame ule mwanya. Ukucha wangu ulipita bila kugusa. Kwa ringi mpya ni kibati chembamba cha kupimia tu ndicho kilichopita, tena kwa kukwaruza. Silinda zenyewe bado ni nzima. Tulizisugua kidogo ili ringi mpya zishike, tukaziosha kwa maji ya sabuni hadi kitambaa cheupe kikatoka cheupe.

Kazi yangu ilikuwa kusafisha mifereji ya pistoni inamokaa ringi. Hapa hatununui kifaa cha kazi hiyo. Mjomba huvunja ringi ya zamani, na ule upande uliovunjika ndio unaokwangua masizi. Nilifanya hivyo siku tatu, kila nikitoka shule. Jumatano Mjomba akasema, "Umezisafisha, basi zivishe."

Ringi mpya ina herufi ndogo sana karibu na pale ilipokatwa, na herufi hiyo lazima itazame juu. Ringi ya pili ikigeuzwa itapandisha mafuta badala ya kuyashusha, na moshi utakuwa pale pale. Nilivisha pistoni ya kwanza, ya pili na ya tatu, nikisoma kila herufi kwa sauti. Marwa akaniuliza kama ninasali.

Nilipofika kwenye ringi ya pili ya pistoni ya nne, aliingia dereva wa lori kutoka upande wa Sirare, Mjaluo wa Tanzania, mtu mzima aliyekasirika. Alikuwa akimweleza Marwa jambo la breki kwa Kijaluo, na Marwa anajua Kikuria na Kiswahili tu. "Injinia wa Mbita," akaniita, "njoo umsikilize ndugu yako huyu kabla hajanipiga." Nikainuka nikatafsiri. Niliporudi, nilimalizia pistoni ile. Jioni hiyo zote nne zikaingizwa, na kifuniko cha injini kikafungwa na kukazwa.

Siku ya pili nikiwa darasani, mwalimu wa Fizikia alikuwa akieleza shinikizo la gesi, nami nikajaribu kuikumbuka herufi ya ringi ile. Ile ya juu yake niliiona. Ya chini yake niliikumbuka. Hiyo moja sikuikumbuka kabisa. Sikujua kama niliivisha kabla ya dereva au baada yake.

Baba, nitakuambia ukweli. Nilitaka kunyamaza. Nilijua ulikuwa umesema Ijumaa ndiyo mwisho. Nilijua pia kwamba gasketi, ile pedi nyembamba inayozibia kifuniko, ikishakazwa haitumiki tena, na mpya ingetoka Migori. Nikajisemea kwamba mikono yangu imezoea, lazima niliiweka sawa. Lakini nilikufikiria ukiwa njiani kwenda Homa Bay na samaki wa watu nyuma, na moshi ule ukitokea tena.

Nilimkuta Mjomba akinywa chai.

"Mjomba, ringi ya pili ya pistoni ya nne. Huenda niliigeuza."

"Unajua umeigeuza, au unadhani?"

"Sijui. Sikumbuki kuisoma."

Marwa alikuwa chini ya lori. Nilisikia spana ikianguka. "Huyu jana alikuwa anatusomea kama mwalimu," akasema kutoka kule chini, "leo ndio anatuambia hakufungua kitabu."

Mjomba aliweka kikombe chini. "Baba yako atanipigia leo. Nimwambie nini?"

"Mwambie ni mimi."

"Hapana. Nitamwambia tunangoja gasketi. Hilo lingine utamwambia wewe."

Kwa hiyo aliyokuambia Alhamisi yalikuwa kweli, lakini hukujua ni kwa nini gasketi ya pili ilihitajika. Nakushukuru kwamba ulikubali kungoja hadi kesho bila kuuliza.

Tulifungua tena, juu na chini. Mjomba aliisukuma pistoni ya nne ikatoka, akanipa bila kuitazama. "Soma," akasema. Niliifuta mafuta. Herufi ilikuwa inatazama juu. Nilikuwa nimeiweka sawa tangu mwanzo.

Marwa aliketi juu ya tairi. "Kwa hiyo, Injinia, tumefungua injini nzima kusoma herufi moja."

"Sasa tunajua," Mjomba akasema. Kisha akaniuliza, "Na zile tatu?"

"Zile nina hakika."

Hakuzifungua. Aliniamini, akaninyooshea mkanda wa kubana ringi, na safari hii mimi ndiye niliyeirudisha pistoni ndani, nikiigonga taratibu kwa mpini wa nyundo. Gasketi ilikuja Ijumaa jioni. Jana Jumamosi tukaweka mafuta mapya, ya uzito ule injini inaoutaka, wala si mazito, na ikawaka mara ya pili ya kujaribu. Dakika za mwanzo ilitoa moshi. Mjomba alisema ni yale mafuta tuliyopaka tukiifunga. Moshi ukapungua, ukaisha.

Ukiamua kulichukua, kuna masharti. Wiki za kwanza usijaze barafu, pakia nusu. Usiliendeshe kwa kasi, na usiliache likinguruma bure mahali pamoja, maana ringi bado zinazoeana na ukuta. Kisha umwage haya mafuta mapema na kuweka mengine. Najua nusu ya mzigo ni safari mara mbili. Ni afadhali kuliko mkokoteni.

Mimi Jumamosi bado nakuja gereji, na Mjomba hajanifukuza. Nikimaliza kidato cha nne ningependa kusomea kazi hii katika chuo cha ufundi. Sikuombi jibu la hilo leo, jibu ninaloliomba leo ni la gari tu.

Nisalimie Mama, umwambie kwamba Anti Robi anambebea wimbi kutoka kwa ndugu zake wa Ntimaru. Msalimu Dani, bibi yangu, na umwambie mjukuu wake anakula vizuri. Msalimu kaka yangu Ouma, umwambie asiache nyavu zako zikilowa nje kwa sababu ya mpira, na umsalimu pia jirani yetu Mama Akinyi anayekuuzia barafu.

Nimebakiza jambo moja. Hapa gereji, injini ikishapata joto, yule aliyevisha ringi ndiye hushika karatasi nyeupe nyuma ya bomba la ekzosi huku mwenzake akikanyaga pedali, ili ionekane kama mafuta ya injini bado yanatoka na moshi. Siku zote huwa ni Marwa. Jana Mjomba alisema ni mimi, nikachana ukurasa wa daftari la Hesabu. Umo ndani ya bahasha hii. Utaona masizi kidogo na alama za maji yaliyokauka. Wewe unajua gazeti lililofungia samaki wa kukaanga linavyokuwa, mafuta huacha doa linalopitisha mwanga. Kesho asubuhi, kabla yule bwana hajafika, uinue ukurasa huo dirishani ulitafute doa hilo. Ukiliona, mpe gari.

Mimi bintiyo,
Atieno.