Simu Inayonong'ona

4 Februari

Baba mpendwa,

Shikamoo. Natumaini barua hii itakukuta mzima na goti limetulia. Mimi sijambo, ila miguu inawaka moto kwa kusimama dukani kutwa.

Umetaka nikuandikie kwenye karatasi kama watu wa zamani kwa sababu simu yako inanong'ona, nami nimetii. Lakini Baba, hii ni simu ya ngapi sasa inayonong'ona? Ile ya batani ulisema imeingia vumbi la nyuzi. Iliyofuata ukampa jirani, ukarudi kwenye batani. Shangazi anakuja huko mwezi ujao na nataka akubebee simu ya maana, tumalize habari hii.

Kazi yangu ni kuuza simu, kwa hiyo jifanye mteja. Ya kwanza ina betri ya kudumu, ukiichaji leo unasahau mpaka keshokutwa, na ikianguka unaiokota tu. Ubaya wake, ni nzito, na inafikiri sana kabla ya kufungua kitu. Ya pili ni nyembamba, kamera yake kali mbele na nyuma, wasichana wanaigombania. Hiyo inakula chaji, na kioo kikigonga sakafu umekwisha. Ya tatu ina kioo kikubwa, maandishi unayaona bila miwani, na spika yake inafoka. Kamera ni ya kawaida tu. Niambie siku yako inakwendaje ndipo nijue ipi inakufaa.

Ni mimi binti yako.


21 Februari

Mwanangu,

Marahaba. Goti lipo, halijahama. Nimefurahi kuona mwandiko wako bado unapanda mlima kama ulipokuwa shule. Unakula vizuri, au unakula hivyohivyo umesimama?

Umeuliza siku yangu. Asubuhi naingia ukumbi wa kushonea kiwandani, vyerehani vikiwashwa vyote kwa pamoja bati linatetemeka. Kazi yangu unaijua, kinachokwama nakikwamua. Mikono ina grisi hadi jioni, na dole gumba limekuwa gumu kiasi kwamba zile simu za kugusa hazilitambui. Nagusa, kioo kinanitazama tu. Simu ya batani haina maringo hayo. Inaingia mfuko wa ovaroli, inakubali grisi, na chaji yake haina haraka. Ila ndiyo hivyo, inanong'ona. Nilimpelekea muuza simu wa hapa, akaiweka sikioni, akasema yeye anasikia vizuri kabisa. Vijana wa siku hizi wanasikia hata kisichosemwa.

Kwa hiyo nimefikiri, na sikufikiri harakaharaka. Niletee ile ya pili, ya kamera kali. Chaji nitahangaika nayo mwenyewe, na kioo nitakishonea mfuko wa kitambaa kizito. Mama Vifungo, yule wa mashine ya vifungo jirani na meza yangu, anakusalimu.

Baba yako.


10 Machi

Baba mpendwa,

Shikamoo. Habari za kazi, habari za goti? Mimi mzima, na nimecheka mpaka mteja akaniuliza kulikoni. Kamera kali? Wewe ambaye picha ya kitambulisho ulipigwa umefumba macho? Huyo Mama Vifungo ananisalimu mimi, au anakusalimu wewe kupitia kwangu? Sina kinyongo, Baba. Tangu Mama atutoke umekaa peke yako vya kutosha.

Lakini biashara ni biashara. Mtu anayelalamikia sauti hauziwi kamera. Nimeziweka ya pili na ya tatu mwisho wa duka, nikawasha spika, nikaenda kusimama mlangoni. Ile ya kamera nilipata maneno nusunusu. Ile ya kufoka iliwageuza hata wapita njia. Nimeivalisha kava nene la mpira na nimemkabidhi Shangazi. Usibishe. Ukiipata, nipigie.

Binti yako.


18 Aprili

Baba,

Shikamoo. Sijui hata nianze na afya ya nani.

Simu umeipata, Shangazi ameniambia. Hukunipigia, nikapiga mimi. Ukapokea, ukasema haloo, haloo, ukakata. Nikapiga tena, hivyohivyo. Nilikasirika, nikadhani umenisusia kwa sababu sikukupa uliyoitaka. Jana nimekusikia vizuri, hata kiti chako kikilalama. Nikauliza, umekula? Ukasema haloo. Nikauliza tena kwa sauti hadi wenzangu dukani wakageuka. Kisha nikamsikia Shangazi pembeni akikwambia, "Anauliza kama umekula." Nawe ukamjibu, "Mwambie aandike."

Simu ile haina kasoro, niliijaribu mwenyewe. Kwa hiyo nakuuliza, na usinizungushe: ni masikio? Yalianza lini? Kazini wanajua? Naogopa, Baba. Mashine zile zina sindano na mikanda, na wewe ndiye unayeingiza mikono. Na naogopa kwamba nitakuwa napiga na hakuna atakayenisikia.

Mwanao.


6 Mei

Mwanangu,

Marahaba. Nimekawia kwa sababu nilianza barua hii nikaichana, nikaanza tena. Mwili haujambo.

Ni masikio. Lilianza la kushoto, la kulia likaona uvivu wa mwenzake likaiga. Ile simu ya kufoka nimeisikia kwa kiganja tu, inatetemeka.

Kazini hawajui, na sababu utaicheka. Ukumbini hakuna anayesikia. Vyerehani vinafuta kila neno, kwa hiyo wote tangu zamani tunaongea kwa kusomana midomo. Mama Vifungo ananiambia uzi umekatika, namsoma, namjibu vilevile. Wanapiga umbea mchana kutwa bila sauti hata moja. Mle ndani mimi ni mzima kama wenzangu. Nikitoka getini, penye utulivu, ndipo nakuwa kiziwi. Mashine inayougua nilikuwa naigusa kwa bisibisi, mpini sikioni, nasikiliza inapouma. Siku hizi mpini nauuma kwa meno na mlio unapanda kwenye taya. Mikono iko salama, siingizi kabla sijazima. Ninachoogopa ni kuitwa ofisini kwa msimamizi, kule kwenye mlango mzito, aniulize jambo huku ameinamia karatasi zake.

Na jambo jingine. Sauti yako imeanza kunipotea. Nikiitafuta inakuja ya utotoni, ukiimba huku unafua. Ya sasa siipati, na inaniuma. Ndiyo maana nilitaka kamera. Nikiuona mdomo wako, nitakusikia. Mama Vifungo ana mume wake. Niliyetaka kumwona ni wewe.

Baba yako.


23 Mei

Baba yangu,

Shikamoo. Barua yako nimeisomea stoo, juu ya maboksi, nimelia hukohuko. Najiita muuzaji, nikakuuliza habari za chaji na kioo, nisikuulize unataka kuitumia simu kwa lipi.

Ila umekosea kitu kimoja, nami sikukushtua mapema. Kamera ya simu yako inanionyesha mimi sura yako. Inayokuonyesha mdomo wangu ni ya simu yangu, na yangu ya mbele ina ukungu na ufa. Muuza simu mwenye simu mbovu, cheka tu. Wewe unahitaji kioo kikubwa, na unacho tayari. Ile ya wasichana nimeichukua mimi.

Jumapili nitapiga simu ya video asubuhi kabla mtandao haujaelemewa, maana picha ikikwama na mdomo unakwama. Nitakaa mwanga ukinipiga usoni. Shangazi bado yupo, atakuonyesha pa kugusa. Dole gumba likigoma, tumia kidole kidogo.

Nenda hospitali wakupime, nakuomba. Na msimamizi mwambie wewe mwenyewe, usisubiri agundue. Mwambie hukohuko ukumbini, mahali ambapo hata yeye lazima akusome.

Binti yako anayekupenda.


2 Juni

Mwanangu,

Marahaba ya Jumapili na ya leo. Sisi wazima. Wewe umekonda, na usibishe, nimekuona.

Habari ya mpangaji mwenzako na sufuria iliyoungua nimeipata yote, hata pale uliposhusha sauti ili asikusikie. Mimi kwangu ilikuwa sawasawa. Hospitali nakwenda na Shangazi Alhamisi. Msimamizi nimemwambia jana, mbele ya mashine. Aliweka karatasi zake chini, akanitazama. Kisha akaniambia kwa mdomo, taratibu, kwamba kuna cherehani kinakata uzi mstari wa nyuma.

Ila mwishoni, baada ya kuniambia nijitunze, uligeukia ukutani ukawa unafuta macho, na shavu lako lilikuwa bado linacheza. Uliyoyasema hapo sikuyapata, na Shangazi anakataa kuniambia. Jumapili ukitaka kulia, lia huku unanitazama.

Baba yako.