Edina Yu Hai, Mama

Tanga,
Jumapili, baada ya misa

Mama yangu mpendwa,

Shikamoo. Naomba barua hii ikukute mzima, na ule mguu uliokuwa unavimba uwe sasa unakuruhusu kupanda hadi shambani. Sisi huku tunapumua. Watoto wanasoma, nami bado niko gereji kwa yule tajiri mwenye malori, maana tangu ushirika ulipotupunguza mafundi sijapata pengine. Dada Agata, wewe ndiye utakayemsomea Mama. Nakuomba umsomee chumbani, si uwanjani penye watu.

Mama, najua yule dereva wa kwetu aliyepita huku amekufikishia habari kwamba mkwe wako ametoa mimba. Tangu hapo hujaniandikia. Sitaki jambo hili ulijue kwa mdomo wa mtu wa barabarani tu, ndiyo maana nakueleza mwenyewe.

Unakumbuka Edina alipojifungua Linus pale misheni, alivyoshindwa kuvuta pumzi mpaka ukaanza kusali sala za mtu anayekufa. Kumbe ni moyo. Madaktari wa hapa walisema aliugua homa ya viungo utotoni kwao Mbaha, kule ziwani, ikamharibu moyo bila mtu kujua. Wakatuonya asishike mimba tena. Tulijitahidi, Mama, kwa njia ile tuliyofundishwa kanisani ya kuhesabu siku, lakini mimba ikaingia.

Mwanzoni tulifurahi kimyakimya. Kisha miguu ikavimba, midomo ikageuka rangi ya zambarau, akawa halali ila ameketi, ameegemea ukuta. Daktari wake, mama mtu mzima mwenye sauti ya chini, alituketisha akasema, "Moyo huu hautaifikisha mimba hii mahali mtoto anapoweza kuishi. Ukisimama, wanakwenda wote wawili. Nikiitoa sasa, huenda mama akabaki."

Hapo ndipo nilipokuandikia, ukanijibu tumwachie Mungu, kwamba hata mimi utotoni walikuambia sitaishi, na nikaishi. Jibu lako nililisoma mpaka karatasi ikachanika kwenye mikunjo. Sikulidharau. Niliomba vilevile ulivyosema, na Edina akazidi kuzama.

Nikaenda kwa padri wetu. Alinisikiliza mpaka mwisho. Akasema, "Osmundi, nikikuambia Kanisa linaruhusu nitakuwa nakudanganya. Mtoto huyu naye ni wa Mungu kama mkeo. Siwezi kukubariki katika hilo."

"Basi nimwache afe, Padri?"

Nikaona hata yeye macho yanamlemea. "Mpiganie kwa kila dawa," akasema. "Na lolote litakalotokea, usiache kuja hapa."

Unajua Edina hakuacha Uanglikana wake hata baada ya ndoa. Mchungaji wake alikuja nyumbani, akasema kwao nako hakuna anayeliita jambo hili dogo, lakini mama akiwa anakufa, anayeweza kuokolewa aokolewe, na huyo mwingine aombolezwe kama mtu.

Walipoondoka wote Edina alisema, "Kila mmoja amesema yake. Sasa nisikilize mimi. Ningejua nikifa huyu anabaki, ningenyamaza, nanyi mngemlea. Lakini naambiwa habaki. Sasa nife ili nimpe nani uhai?"

Nikamwambia, "Mimi nakutaka wewe."

"Usiseme hivyo," akanijibu. "Nisije baadaye nikasema nilifanya kwa ajili yako. Nafanya mwenyewe, na Mungu nitamjibu mwenyewe."

Nikampeleka. Alipozinduka alimuuliza muuguzi kama alikuwa wa kiume au wa kike. Muuguzi akasema ilikuwa bado mapema kujua. Edina akageukia ukutani mpaka jioni.

Mama, yu hai. Sasa analala chali, anafika sokoni na kurudi akipumzika njiani. Baadhi ya akina mama wa jumuiya yetu waliacha kupita kwetu. Mmoja tu, Mama Teofili, alikuja bila kuuliza neno, akafua nguo zetu zote, akaanika, akaondoka. Mimi Jumapili nakaa benchi la nyuma, na wakati wa komunyo siinuki. Hakuna aliyenikataza. Juzi padri alikuja akakaa kwenye kigoda, akala ugali wetu. Akasema, "Niliyokuambia sijayabadili. Nimekuja kumpa mkeo pole." Edina aliipokea pole ile kwa mikono miwili, na mara ya kwanza nikamwona analia.

Nakukumbuka sana siku hizi. Huku joto linalala nasi kitanda kimoja. Nikifumba macho naona ukungu unavyojaa bondeni asubuhi, na wewe umeinama kwenye mashimo ya ngolo pale shambani mteremkoni, unafukia majani, na maua ya kahawa yamefunguka baada ya mvua, harufu imeingia mpaka jikoni. Edina naye analililia ziwa lake. Anasema bahari ya hapa ina maji mengi lakini hayanyweki, wala mchanga wake haunuki dagaa wa usipa walioanikwa.

Gereji itafungwa wakati wa Noeli, na tunataka kuja. Sikuombi useme tulifanya vema; mimi mwenyewe sijui kusema hivyo. Ninachotaka kujua ni kama Edina akifika mlangoni kwako utaitikia shikamoo yake. Ikiwa moyo wako bado haujaweza, niambie. Nitampeleka yeye na watoto kwa mama yake Mbaha, kisha nitapanda peke yangu kukuamkia. Sitakununia, Mama. Nitajua tu kwamba ni mapema.

Nisalimie Baba Mdogo anayepiga kengele kanisani, na Shangazi wa Kigonsera, mwambie maharage yake yalifika yote. Msalimie Mjomba fundi cherehani, na mke wake aliyenifundisha kusoma. Agata, wewe nakushukuru kwa sauti yako unayoniazima.

Nilipofika hapa katika barua, Edina ameingia, akauliza kama nimemaliza. Nikamsomea yote. Ameniambia niandike hivi, neno kwa neno:

"Mwambie Mama kwamba mbeleko aliyonitumia pamoja na lile jibu lake, kwa ajili ya mtoto yule, ipo. Sijaikata, wala sijampa mtu. Akikubali kuniona, nitakuja nayo nimkabidhi mkononi. Akitaka kunisema, anisemee hapohapo, tukiwa tumeishika wote wawili."

Ni mimi mwanao,
Osmundi