Vigingi Vyekundu na Mama Mkwe

Jumatatu, 2 Agosti 1976
Vigingi thelathini na vinane, vyote vimesimama. Kazi yangu ndiyo hiyo: kutembea toka reli mpaka chini ya mlima Mbololo, kulinda mstari ambapo bomba la mafuta ya Mombasa litapita. Watu wanacheka, ati nimeajiriwa kuchunga miti. Wacheke. Ni kazi yangu ya kwanza tangu nioe.

Jumanne, 3 Agosti
Vitatu havipo! Mashimo tu. Mpima ardhi, aliyevichomeka, anakuja Ijumaa na darubini yake. Alishasema: kigingi kikipotea, na mimi nipotee. Nimeogopa sana.

Nimefuata alama za kwato za mbuzi hadi kwa mama mkwe. Kupitia ua wa minyaa nimeviona, vichwa vyekundu, kila kimoja kimefungiwa mbuzi. Nitadaije? Kwetu Wataita, mama mkwe ukikutana naye unaacha njia na kuangalia kando. Nikaangalia kando. Nimerudi mikono mitupu.

Jumatano, 4 Agosti
Nimejaribu kumtuma mke wangu, Wakesho. Amecheka mpaka akakaa chini. “Nikamwambie mama ameiba? Ng'o! Hiyo ni yenu wawili.” Nimekasirika. Baadaye nimecheka pia, kidogo.

Alhamisi, 5 Agosti
Nimekata mgunga, nimechonga vigingi vitatu vinene, na matundu ya kamba juu. Nimeviegemeza langoni kwake, nikakohoa, nikakimbia. Mtu mzima mimi! Jioni havikuwepo tena langoni. Vya mpima sijaviona bado. Kesho ndiyo kesho.

Ijumaa, 6 Agosti
Vimerudi! Kila shimo na kigingi chake, udongo umeshindiliwa, nyayo za mama mkwe pembeni. Lakini namba zimeandikwa juu na yeye hasomi: 22 imekaa mahali pa 24. Nimebadilisha mbio mbio, Landrova ya mpima ikiteremka. Amechungulia kimoja kimoja. Akasema sijamwangusha. Nilitaka kurukaruka.

Jumamosi, 12 Machi 1977
Bomba limefukiwa upande wetu. Mafuta bado. Vigingi vya mpima vimeng'olewa, na mimi Jumatatu naanza kwa mafundi wa kuchomelea bomba huko mbele.

Nikirudi nimekutana na mama mkwe akichunga. Ameacha njia upande wake, nami upande wangu. Njia ikabaki tupu, isipokuwa kikapu cha viazi vitamu alichokiweka katikati. Nimengoja aende mbali. Nimekichukua.